Mgongo wa Upinde Ni Upi

Nianze na wale wageni wenye kamera, kwa sababu hasira niliyo nayo juu yao haijanitoka. Walikuja karakana mchana mmoja, wakanikuta kwenye meza yangu huku nyuma ya mtaa wa Fedha, mtoto mgongoni, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Mmoja akaniomba niendelee kuparua kama vile yeye hayupo. Kisha akasema kitu ambacho nimekisikia mpaka nimechoka, kwamba upinde uliochongwa kwa mkono una roho, na wa mashine hauna. Nilikuwa naparua tangu asubuhi, kifundo cha mkono kimevimba, na kama kulikuwa na roho yoyote mahali pale ilikuwa yangu, na ilitaka kukaa chini.

Nasema hivi mapema ili nieleweke. Sijawahi kupenda kuparua. Unafunga kipande cha mti kwenye jiliwa, unashika kisu chenye mipini miwili, unakivuta kuelekea tumboni mwako, na unarudia hivyo hivyo mpaka kipande kilichokuwa kinene kama mkono wa mtu kinakuwa chembamba cha kupindika. Nilipokuwa na mimba niliifanya kazi hiyo nikiwa nimekaa upande, maana kisu kilikuwa kinamjia mtoto moja kwa moja. Kwa hiyo Madam aliposema analeta mashine ya kuchonga inayofuata mchoro wa kompyuta, mimi ndiye niliyefurahi kwanza. Nilidhani mashine itaparua na mimi nitabaki na sehemu tamu.

Sehemu tamu ni ya mwisho. Karakanani kuna nguzo iliyosimamishwa ukutani, na upinde ukilazwa juu yake unakuwa kama mkono wa msalaba, mgongo juu, upote, ile kamba ya upinde, ukining'inia chini. Sisi tunaiita msalaba, na kwa kuwa karibu wote tumelelewa kanisani, hakuna upinde unaopimwa bila mtu kusema umepelekwa kusulubiwa. Unavuta kamba nyingine, iliyofungwa kwenye upote na kupita kwenye gurudumu dogo chini ya nguzo, unasimama mbali, unaangalia mikono miwili ya upinde ikishuka. Mmoja ukishuka na mwingine ukikaa kama kichwa ngumu wa darasani, unaushusha upinde, unakwaruza kidogo kwa tupa pale pagumu, unaurudisha. Hiyo ningeifanya hata siku ya harusi yangu, kama ningekuwa na harusi.

Madam ndiye mwenye karakana. Ni mama wa makamo anayeongea na simu akiwa amesimama na anayemaliza sentensi zako kabla yako. Tunawauzia shule zenye michezo ya kulenga shabaha, kambi za watoto wakati wa likizo, na hoteli za mbugani zinazotaka wageni wajaribu. Siku mashine ilipowekwa chumba cha nyuma, Madam aliniita akaniambia bila kuzunguka.

"Mashine ikimaliza oda ya shule vizuri, naleta ya pili. Itakaa pale kwenye meza yako."

"Na mimi?"

"Utapakia. Na kufagia. Si nakufukuza."

Nilifika kidato cha nne, nikapita, nikakosa karo ya chuo, nikafunzwa kuchonga na mwanamume mmoja wa Ukambani aliyenitukana kila siku kabla hajarudi kwao kulima. Meza ile ndiyo kitu pekee katika mji huu nilichopewa kwa sababu najua kitu. Nikaambiwa nitafagia. Nilirudi nyumbani Kware kwa miguu nikiongea peke yangu, na watu wakinipisha njia.

Chumba cha mashine hakikuwa changu kuingia. Mtoto haruhusiwi, kwa ajili ya vumbi, na mimi na mtoto ni kifurushi kimoja. Kwa hiyo mashine niliijua kwa masikio na pua tu. Inalia kama mtu anayeimba noti moja na hataki kuiacha. Na mti unaotoka humo una harufu nyingine. Mkole, mti tunaochongea pinde, ukiparuliwa kwa kisu unanuka kama nyasi zilizolowa. Ukitoka kwa mashine unanuka kama ugali ulioshika sufuria. Nilijiuliza kama mti unasikia tofauti hiyo. Ni swali la kijinga, lakini nilijiuliza, nikajiuliza tena kesho yake.

Aliyeiendesha alikuwa kijana wa Komarock, shati safi, kofia, mtu wa kusalimia kila mtu mpaka paka. Mimi aliniita mathe. Nina miaka michache kumzidi, labda hata simzidi, lakini kwa sababu nimebeba mtoto nimekuwa mama wa taifa.

"Niaje, mathe?"

"Mathe ni mamako."

"Sawa, mathe."

Pinde zake za kwanza zilipotoka nilizishika moja moja. Zilikuwa nzuri. Nasema ukweli. Zilifanana kama vijiko vya seti moja, laini, hata vijichanio vya kushikia upote kwenye ncha vilikuwa vimekatwa kwa unadhifu, vikiinamia upande mmoja, hivi kwamba hukuhitaji kufikiri upote unakaa wapi. Mimi kijichanio kimoja hunichukua muda wa kunyonyesha. Niliuvalisha upinde wa kwanza upote, nikaupeleka msalabani, nikavuta.

Ulivunjika kabla haujafika nusu. Mlio wake si mkubwa, ni mkavu, kama mtu amekanyaga chupa ya plastiki. Kibanzi kiliinuka upande wa juu, kikajimenya, halafu upinde wote ukafuata. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ulijikaza kidogo, nao ukaenda. Kijana alisema mti umekauka kupita kiasi. Madam akasema mti ni ule ule tunaotumia siku zote, unatoka Ukambani umepasuliwa na bado una magome. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sioni haja ya kuificha. Nilimbadilisha mtoto nepi nikiwa naimba.

Vipande vilivyovunjika huwa tunabeba nyumbani kuwashia jiko. Huo ni utaratibu wetu, hakuna anayeuliza. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa kwenye korido ya ghorofa yetu, moshi wangu na wa jirani ukichanganyika na nguo za watu, na kabla sijaweka kipande cha kwanza kwenye jiko niliangalia ncha yake.

Mti ukikatwa kichwani unaonyesha mistari ya miaka yake. Kwenye kipande kidogo mistari hiyo haifanyi duara kamili, inapinda kama nyusi. Upande ambao nyusi zimeinuka ndio uliokuwa nje, karibu na gome. Niliingia ndani nikashusha upinde wangu wa kwanza kabisa, uliopindika vibaya ukakataliwa, ambao siku hizi tunaanikia soksi za mtoto. Nikaondoa soksi. Nyusi zake zilikuwa zimeinuka kuelekea kule mshale unakokwenda. Kwenye kipande cha mashine zilikuwa zimeinuka kuelekea kwa mpigaji. Nikachukua kipande kingine. Hivyo hivyo. Na kingine.

Jirani yangu, tuliyetoka naye upande mmoja wa Kakamega, alikuwa anakung'uta shati la mumewe.

"Siku hizi unaongea na kuni?"

"Ngoja. Hizi zimegeuzwa."

"Zimegeuzwa nini?"

Nikamweleza. Upinde ukivutwa, upande wa nje unavutika, na upande wa ndani unabanwa. Upande wa nje lazima uwe ule uliokuwa chini ya gome, mzima, nyuzi zake zimetoka ncha hadi ncha bila kukatwa. Ndiyo maana karakana yetu ina sheria moja kubwa kuliko zote, mgongo usiguswe. Unachonga tumbo unavyotaka, mgongo unauacha kama Mungu alivyouacha. Hizi zilikuwa zimechongwa upande wa nje, nyuzi zimekatwa njiani, na ule mzima umeelekezwa kwa mpigaji, ambako hausaidii.

"Kwa hiyo mashine inageuza mti," alisema.

"Inageuza. Sijui kwa nini."

"Na ukinyamaza?"

"Zitaendelea kuvunjika."

"Na meza?"

"Inabaki yangu."

Akatundika shati, akaweka kibanio, akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeshika betri mdomoni. "Dada, weka kuni jikoni tupike. Shida yako ni nini?"

Ningependa kusema niliwaza watoto wa shule, upinde ukipasuka karibu na macho yao. Niliwaza, lakini kila upinde hupita msalabani kabla ya kuuzwa, na ule unaovunjika hauuzwi. Hakuna mtoto aliyekuwa hatarini. Kilichonikosesha raha ni kitu kidogo kuliko hicho. Sikuelewa. Kijana yule si mjinga. Aliambiwa sheria ile ile niliyoambiwa mimi, nilimsikia Madam akimwambia kwa masikio yangu: mgongo usiguswe. Aliitikia. Sasa mtu anayeitikia, mwenye shati safi, anageuzaje kila kipande bila kukosea hata mara moja? Angekuwa mzembe angegeuza vingine na vingine angeacha. Huyu alikosea kwa uaminifu. Nilipika, nikala, nikalaza mtoto, na swali likakaa pale kama mgeni asiyeaga.

Jumatatu nikafungua mlango wa chumba cha mashine.

"Mathe, mtoto haruhusiwi hapa."

"Amelala. Mgongo wa upinde ni upi?"

Alikuwa ameshika upinde mmoja ambao haujavalishwa upote. Akauinua kama anayetaka kupiga, akagusa upande unaomtazama yeye. "Si ni huu."

"Huo?"

"Huu. Na sijaugusa, angalia mwenyewe. Nauacha na ngozi yake, napitisha msasa kidogo tu. Madam alisema usiguswe."

"Nani alikwambia huo ndio mgongo?"

Akanishangaa. "Sasa mathe, hebu cheki. Shabaha iko kule. Mshale unaenda kule. Upinde unaangalia kule. Kitu kikiangalia kule, mgongo wake uko wapi? Uko kwangu. Ni kama msee aliye mbele yangu kwenye laini ya benki. Naona mgongo wake siku nzima."

Ukweli ni kwamba alikuwa anasema kitu cha maana. Nimesema mgongo na tumbo miaka yote bila kujiuliza hata mara moja upinde unaangalia wapi. Aliyenifunza alisema huu ni mgongo, nikasema ndiyo. Ningekuwa na akili ya kujiuliza kama huyu, ningekosea kama huyu. Jambo hilo lilinikera kuliko mashine yenyewe.

"Si hivyo," nikasema. "Angalia." Nikainama kama ninafagia uwanja, mkono mmoja nyuma kumshika mtoto. "Mimi sasa ni upinde. Kinachovutika ni nini?"

"Mgongo."

"Na kinachojikunja?"

"Tumbo. Na mtoto ataanguka."

"Haanguki. Basi mgongo ni ule unaovutika upinde ukivutwa. Uko kule nje. Upande wa shabaha."

Alizunguka akanitazama ubavuni, kofia mkononi, kama anayekagua gari la kununua. "Lakini wewe unaangalia chini," alisema. "Huangalii shabaha."

"Upinde hauna macho."

"Basi hauna mgongo pia."

Hapo alinishinda, na mtoto akaamka akaanza kulia, nikacheka huku nimekasirika, jambo ambalo uso wangu haujui kulifanya vizuri. Nikamwonyesha nyusi kwenye ncha. Alizielewa upesi kuliko nilivyozielewa mimi siku zangu. Akasimamisha mashine.

"Tuache hayo mambo ya mgongo," akasema. "Tuseme upande wa adui, ule wa shabaha, na upande wa nyumbani. Adui haguswi."

"Adui ndiye haguswi?"

"Upande wake. Mathe, usinichanganye."

Nilimwambia Madam siku hiyo hiyo, kabla jirani hajanishauri zaidi. Alinisikiliza bila kunikatiza, kitu ambacho hajawahi kukifanya. Kisha akauliza, "Unakumbuka nilichosema kuhusu meza?"

"Nakumbuka."

"Haya."

Basi. Haya. Nilirudi kwenye meza nikaparua kwa nguvu mpaka kisu kikapiga kelele.

Pinde zilizofuata hazikuvunjika. Nilizivuta msalabani moja baada ya nyingine, na kila moja iliposhuka bila kupasuka, kitu ndani yangu kilishuka nayo, maana nilikuwa navuta meza yangu mwenyewe itoke nje ya mlango. Madam alisimama nyuma yangu. Kijana naye alikuja, mikono mifukoni. Nilivuta mmoja wa mwisho mbali kidogo, nikarudi nyuma kuangalia, na hapo nikaona kitu ambacho kuvunjika kulikuwa kumekificha. Mkono wa kushoto ulipinda vizuri. Wa kulia ulikaa umenyooka, kisha ukajikunja ghafla karibu na ncha, kama kidole kilichoteguka.

"Una shida gani huo?" Madam akauliza.

"Una kifundo hapo, ndani. Mti umekaza. Mashine imepapunguza sawa na kwingine, lakini hapo si sawa na kwingine."

Kijana hakubisha, na hilo lilinishangaza. Alirudi kwenye kompyuta, akapunguza upande wa kulia kwenye mchoro, akachonga mwingine. Huo wa kulia ukalegea kama uji na wa kushoto ukakaza, maana kilikuwa kipande kingine, chenye kifundo kwingine. Akarekebisha tena. Akapata kilema kipya. Alikuwa anacheka sasa, kicheko cha mtu anayechezewa. Nilikaa kando nikimnyonyesha mtoto na kumtazama, na nikiri kwamba sikuwa na furaha mbaya tena. Nilitaka aipate. Nilitaka kuona kama inawezekana.

Mwisho akaniletea upinde na tupa. "Unajuaje pa kukwaruza?"

"Naangalia pasipopinda."

"Na kama huoni?"

"Nagusa."

"Unagusa unasikia nini?"

Nilifikiri vizuri, kwa sababu aliuliza kwa moyo. Nikapitisha kidole gumba kwenye tumbo la upinde, upande wa nyumbani. "Sijui," nikasema. "Nasikia kama hapo hapajakubali." Aliitikia kwa kichwa kana kwamba hilo ni jibu. Si jibu. Mpaka leo natafuta jibu. Nilikwaruza kidogo, nikaupeleka msalabani, nikavuta, nikaushusha, nikakwaruza tena. Mkono wa kulia ukaanza kushuka pamoja na mwenzake. Na jambo lingine, ambalo wale wa kamera hawatalipenda: mkono wangu haukuuma. Mashine ilikuwa imefanya ile kazi yote ya punda, imeniachia unene wa kadi chache tu. Kama kuna roho, sidhani ilikuwa kwenye kuparua.

Madam aliamua siku hiyo hiyo, akiwa amesimama, simu mkononi.

"Mashine itachonga. Wewe utamalizia zote. Hakuna upinde unaotoka bila wewe."

"Na meza?"

"Mashine ya pili bado inakuja. Nimeshaagiza. Nafasi ni ile ile." Akatazama meza, akatazama ukuta. "Kwa kumalizia huhitaji meza yote hiyo. Tutaikata nusu."

Nilikasirika mpaka macho yakawasha. Meza ile ni mbao nene za mvule, ina alama ya kila kisu nilichowahi kutelezesha. Kona moja ina mahali ambapo mtoto alikuwa anang'ata akiota meno. Nilitaka kusema mengi. Nilisema moja. "Nusu yangu naichagua mimi."

"Chagua."

Nilichagua nusu yenye jiliwa na kona ya meno. Kijana akasema tuipitishe kwenye mashine yake, itakata vizuri, ukingo laini. Akapima mlango, akapima kitanda cha mashine, akapima tena meza, akavua kofia.

"Haiingii," akasema.

"Haiwezi kumeza meza?"

"Haiwezi."

Basi nikaenda kuchukua msumeno wa mkono ukutani. Nilichora mstari kwa penseli, nikamfunga mtoto vizuri mgongoni, nikapanda goti moja juu ya meza ili isitikisike. Ule upande mwingine ulikuwa unahitaji mtu wa kuushikilia, usije ukajipasua wenyewe mwishoni.

"Shika upande wa adui," nikamwambia.

Alizunguka, akasimama, akaangalia meza, akaniangalia mimi. "Na hapa, mathe, upande wa adui ni upi?"

"Huo unaobaki na nyinyi."

Akaushika kwa mikono miwili. Nikaanza kukata.